Siku tano nje ya barua pepe ya kikundi

Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi, miezi mitatu mizima, hadi 15 Agosti. Sisi wa mwalo wa Kibirizi tunaoishi kwa dagaa tumezoea kupumzika kwa kufuata mwezi: mbalamwezi ikiwa kubwa taa za wavuvi hazina kazi, mitumbwi inavutwa juu, siku chache giza linarudi na kazi inaendelea. Lakini miezi mitatu ya vichanja vitupu hatukuwahi kuiona. Unafika asubuhi mwaloni, hakuna kelele za wabebaji, hakuna harufu, kuku tu wanazunguka chini ya vichanja wakitafuta mabaki ya wiki zilizopita.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaokausha na kuuza dagaa. Katika ule ukimya niliamua kuipanga ofisi: leja, stakabadhi, mafaili yaliyoliwa na mende, na barua pepe. Hii ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike haya, kwa sababu najua vikundi vingi vya hapa Kigoma vinaishi kama tulivyokuwa tunaishi sisi, na siku mlango ukijifunga hawatajua hata waanzie wapi.

Barua pepe yetu ilifunguliwa mwaka 2016. Ndani yake kuna maisha ya kikundi: oda za wanunuzi wa Dar es Salaam, nakala ya katiba yetu, cheti cha usajili kilichoskaniwa, barua za halmashauri, picha za mizigo iliyopakiwa na ile iliyofika imelowa. Karatasi zenyewe nyingi ziliharibika mvua ilipovuja ofisini, kwa hiyo kwa baadhi ya mambo hatuna nakala nyingine duniani.

Nilikuwa nimehudhuria semina ambako tuliambiwa tubadili neno la siri kila baada ya miezi mitatu. Nilikuwa sijalibadili hata mara moja tangu nikabidhiwe ukatibu mwaka 2019, na jambo hilo lilinikaa moyoni kama deni. Basi Jumatano moja ya mwezi Juni nikapanda bajaji hadi Mwanga kutoa nakala za katiba. Steshenari ilikuwa na foleni. Kijana wa pale, ambaye hunihudumia siku zote, akaniambia, “Mama, kaa kwenye ile kompyuta ya pembeni kama una kazi ya intaneti, nitakuita.” Nikakaa. Nikafungua barua pepe, nikatunga neno la siri jipya la herufi kumi na nne, kubwa na ndogo zimechanganywa, tarakimu ndani yake, alama ya mshangao mwishoni. Nikaliandika kwanza kwenye daftari kwa mwandiko safi. Nikaliingiza mara ya kwanza, nikalirudia mara ya pili kama mashine ilivyotaka. Yote mawili yakafanana, mashine ikakubali. Kwa kuwa ile ni kompyuta ya watu wote, nikatoka kwenye akaunti kabisa kabla ya kuondoka. Nilirudi nyumbani Ujiji nikiwa na amani.

Usiku nilijaribu kuingia kwa simu. Neno la siri si sahihi. Nikavaa miwani, nikasoma daftari herufi kwa herufi. Si sahihi. Nikajaribu tena, na tena, mpaka simu ikaanza kuniuliza maswali ya kuthibitisha kwamba mimi si roboti. Alhamisi asubuhi nilifika ofisini kabla ya jua kukolea, nikajaribu kwa kompyuta yetu, na hapo ndipo lilipotokea tangazo jekundu: kwa usalama wako, akaunti hii imefungwa kwa muda.

Pale pale chini palikuwa na sehemu ya mtu aliyepoteza njia. Nikabonyeza. Ikaniambia inatuma namba ya uthibitisho kwenye simu inayoishia na 47. Nilibaki nimeitazama ile 47 kwa muda, kisha nikakumbuka. Ilikuwa laini ya kikundi ya zamani, iliyonunuliwa mwaka ule wa 2016 kwa wale vijana wanaotembea na mwavuli, ikasajiliwa kwa jina ambalo hakuna aliyelihifadhi. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, ulitakiwa uwe na namba ya kitambulisho cha taifa, na yangu ilikuwa haijatoka. Muda wa nyongeza ukaisha tarehe 20 Januari 2020, laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa, na ya kwetu ikaenda nazo. Nilipopata namba ya kitambulisho nilinunua laini nyingine. Niliwajulisha wanunuzi, madereva wa magari ya mizigo, wanachama mmoja mmoja, hata muuza magunia wa Gungu. Barua pepe peke yake sikuijulisha. Kwa miaka minne na zaidi iliendelea kuamini kwamba nikipotea, itanipata kwenye 47.

Nieleze kwa nini tumbo lilinikata. Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa ameahidi kutuma orodha ya magunia atakayohitaji ziwa litakapofunguliwa, na alitaka tumthibitishie kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi ili atenge fedha. Nilimpigia simu, haikupokelewa. Baada ya wiki nne bila senti, kuna wanachama walioanza kuuza ndoo na mabeseni yao. Ile orodha ilikuwa ndiyo tumaini letu la Agosti.

Siku hiyo nilifanya makosa ambayo sasa nayaona wazi. La kwanza, niliendelea kujaribu. Kila baada ya nusu saa nilirudi na kubahatisha: labda ile sifuri niliyoandika ni herufi O, labda ile moja ni L ndogo. La pili, nilimpigia mwanangu anayesoma mambo ya kompyuta chuo kikuu Dodoma, nikamtajia kila kitu, naye kwa haraka ya kutaka kumsaidia mama yake akajaribu kuingia kutoka huko huko, kwa laptopu ambayo akaunti yetu haijawahi kuiona. Ukiutazama upande wa wale walinzi wa mitambo, picha inatisha: usiku simu ya Ujiji inabahatisha, asubuhi kompyuta ya Kibirizi inabahatisha, mchana mashine ngeni ya Dodoma inabahatisha. Hata mimi ningefunga mlango na kuweka gogo nyuma yake.

Ijumaa alikuja mtu. Mmoja wa wanachama alikuwa amelieleza tatizo letu sokoni, na likatembea mpaka likampata kijana mmoja aliyejitambulisha kuwa anafungua akaunti yoyote duniani. Alitaka shilingi 80,000, nusu kabla, pamoja na namba yangu ya kitambulisho cha taifa na picha ya uso wangu nimeshika kitambulisho. Nakiri kwamba nilishafungua pochi. Mama Mwenyekiti ndiye aliyenizuia. Alimuuliza swali moja tu: “Mwanangu, hiyo kampuni yenyewe inatoza shilingi ngapi kurudisha akaunti?” Kijana akasema haitozi. “Basi wewe unauza nini?” Akaaga. Nalisimulia hili kwa sababu ni kweli na linahitaji kusikika: kwa akaunti hizi za bure tunazotumia wengi, njia ya kurejesha iko kwenye ukurasa ule ule wa kuingilia na hailipiwi. Anayekuomba hela na kitambulisho anakufungulia msiba wa pili juu ya wa kwanza.

Jioni ile mwanangu alipiga tena, safari hii ametulia. Alianza kwa kuomba radhi ya kujaribu kutoka Dodoma. Kisha akauliza jambo ambalo halikunipitia akilini hata kidogo: “Mama, ukiacha simu yako, ni vifaa gani vingine vilikuwa vinaifungua hiyo barua pepe?”

Nikahesabu. Kompyuta ya ofisini ina programu inayovuta barua zenyewe, hata kama hujaifungua kwenye ukurasa wa intaneti. Na kulikuwa na simu ya zamani ya kikundi, ile iliyopasuka kioo, ambayo tulimwachia Mama Mwenyekiti na sasa mjukuu wake anachezea michezo.

“Vyote viwili vina neno la siri la zamani,” akasema. “Vimelihifadhi. Havijui kama umelibadili.”

Akanieleza. Programu ya ofisini ilipangwa kuuliza barua mpya kila dakika kumi. Kila dakika kumi inakwenda mlangoni, inataja neno la zamani, inakataliwa, inarudi. Hiyo ni mara sita kwa saa, mara mia moja arobaini na nne kwa siku, na kompyuta yetu haizimwi usiku. Ile simu nayo, kila mtoto anapowekewa bando, inafanya hivyo hivyo. Kwa hiyo hata mimi ninapokaa kimya mikono mapajani nikisubiri kifungo kiishe, kuna vitu vyangu mwenyewe vinaendelea kugonga mlango kwa ufunguo uliokufa, na mlinzi huko ndani anaona kuna mtu hachoki. Nilikuwa nikidhani nimefungiwa kwa sababu ya kosa langu la usiku ule tu. Kumbe kifungo kilikuwa kinalishwa mchana na usiku.

Usiku huo huo nilirudi Kibirizi kwa pikipiki. Niliondoa akaunti kwenye ile programu, nikazima kompyuta ukutani kabisa. Kutoka hapo nikaenda kwa Mama Mwenyekiti. Mtoto alishalala na simu chini ya mto. Tukaitoa taratibu, nikaifuta akaunti, tukairudisha. Kisha mwanangu akanipa amri ambayo ilikuwa ngumu kuliko zote: nisiguse. Jumamosi yote nisiguse, Jumapili yote nisiguse, kwa sababu jaribio jipya linaweza kurefusha kifungo. Jumatatu nijaribu mara moja, kwa kompyuta ya ofisini na modemu ile ile ya siku zote. Mitambo hii, alisema, inakumbuka kifaa ulichozoea kuingilia na mahali ulipozoea kuwa. Ukija na sura inayoijua, inakusikiliza zaidi.

Jumapili nilishinda ufukweni. Sikuweza kukaa nyumbani karibu na simu.

Jumatatu saa mbili asubuhi nilifungua ukurasa. Lile tangazo jekundu halikuwepo. Sikujaribu neno la siri, nilikwenda moja kwa moja kwenye kurejesha akaunti. Ikanipa tena ile 47. Chini yake, kwa maandishi madogo ambayo Alhamisi sikuyaona kwa wasiwasi, palikuwa na maneno: jaribu njia nyingine. Nikabonyeza. Ikasema inaweza kutuma namba kwenye barua pepe ya akiba, ikanionyesha herufi mbili za mwanzo, nyota nyingi, na herufi ya mwisho.

Nilizitambua zile herufi. Ni za mwalimu mstaafu aliyekuwa katibu kabla yangu, ndiye aliyetufungulia akaunti. Mwaka 2019 alihamia Kasulu kulima, na kila sikukuu hutupigia kutusalimia. Nikampigia.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba, Katibu. Dagaa wameanza kutoka?”

Nikamweleza. Alikuwa shambani. Akasema nimpe nusu saa afike nyumbani palipo na mtandao, nami nisibonyeze kitu mpaka aniambie yuko tayari, kwa kuwa namba hizi huishiwa muda. Nilipomuuliza kwa hofu kama bado anaitumia ile barua pepe yake, akasema anaitumia kupokea picha za wajukuu walioko Mbeya. Namshukuru Mungu kwa wale wajukuu. Mwaka 2023 Google walitangaza kwamba akaunti binafsi isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa, na utekelezaji wake ukaanza Desemba mwaka huo huo. Wazee wangapi walifungua akaunti kwa ajili ya kazi moja, wakastaafu na kuiacha? Ya mwalimu ingekuwa imefutwa, sijui hata leo ningekuwa naandika nini.

Saa tatu na robo akapiga. “Bonyeza.” Nikabonyeza. Tukasubiri wote wawili, namsikia anavyohema kwa kutembea. “Imekuja. Andika.” Akazisoma tarakimu sita kama anavyosoma imla darasani, mbili mbili, na baada ya kila mbili anasubiri nizirudie. Simu ikakatika baada ya nne. Nilidhani moyo utasimama. Ikaita tena, akamalizia mbili za mwisho bila hata kusema haloo.

Najua kuna atakayeshangaa: si tunaonywa kila siku tusimtajie mtu namba ya uthibitisho kwa simu? Ndiyo, na onyo hilo ni la kweli. Mwalimu alinisomea kwa sababu mimi ndiye niliyempigia, sauti yangu anaijua, alijua itakuja na kwa kazi gani. Siku nikipigiwa na mtu nisiyemjua akaniambia kuna namba imeingia kwenye simu yangu kwa bahati mbaya, nimsomee, sitasoma. Namba niliyoiomba mwenyewe ni ufunguo wangu. Namba inayokuja bila kuombwa ni mkono wa mtu mwingine kwenye kitasa changu.

Ukurasa wa neno jipya ukafunguka. Safari hii nilibonyeza ile alama ya jicho inayoonyesha herufi unazoandika badala ya vidoti. Sikuweka mchanganyiko wa alama. Niliunganisha maneno manne ya kawaida yasiyohusiana, marefu, ambayo mtu hawezi kuyakisia lakini mimi siwezi kuyasahau. Nikaingia. Barua 31 zilikuwa zinasubiri, ya mnunuzi ikiwa ya tisa kutoka juu. Nilimjibu kabla ya kufanya jambo lingine lolote, kisha nikainama mezani nikalia kidogo.

Lakini swali lilibaki: lile neno la kwanza lilikosewa wapi? Jibu nililipata siku nne baadaye nilipokwenda Mwanga kuchukua nakala zangu. Nikamwomba kijana nikae kwenye kompyuta ile ile ya pembeni, nikafungua ukurasa mtupu na kuandika jina la kikundi. Likatoka lote kwa herufi kubwa. Nikamwita. Akasogea, akaonyesha kitaa kidogo cha kijani juu ya kibodi, cha kile kitufe cha kufunga herufi kubwa (Caps Lock). “Samahani mama, hiyo hubaki imewashwa. Watu wanakuja kujaza fomu, na fomu zote zinataka herufi kubwa.” Basi ndivyo ilivyokuwa. Ile Jumatano kila herufi ndogo niliyobonyeza iliingia kubwa, na kila kubwa niliyoibonyeza kwa makusudi iliingia ndogo. Vidoti havisemi. Niliporudia mara ya pili kosa lilijirudia vile vile, mashine ikaona yanafanana, ikakubali. Daftari langu lilikuwa na neno moja na mlango ulikuwa na neno lingine.

Na ile amri ya kubadili kila baada ya miezi mitatu? Mwanangu aliniambia ina historia. Mwaka 2003 taasisi ya taifa ya viwango na teknolojia ya Marekani ilitoa mwongozo ambao mwandishi wake, Bill Burr, alishauri watu wachanganye alama na wabadili maneno ya siri mara kwa mara. Maofisi duniani kote yakaufuata. Mwaka 2017 taasisi hiyo hiyo iliuandika upya: mtu asilazimishwe kubadili kwa kalenda, abadili pale penye dalili kwamba neno limevuja, na urefu wa neno ni bora kuliko mapambo yake. Burr mwenyewe, akiwa amestaafu, aliliambia gazeti moja kwamba anajutia mengi ya aliyoyaandika. Nililisikiliza hilo kwa uzito. Simlaumu aliyetufundisha semina, alitupa alichopewa. Ila natamani habari ya 2017 ingetembea hadi Kigoma kwa kasi ile ile iliyotembea ya 2003.

Alhamisi iliyofuata tulikuwa na kikao cha hisa. Nilisimama nikawaeleza akina mama yote, bila kuficha ile pochi niliyoifungua. Nilipomaliza, Mama Mwenyekiti akaelekeza kidole kwenye sanduku letu la kikoba lililokuwa katikati ya mkeka. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wanaoishi mitaa tofauti.

“Katibu,” akasema, “hapa hakuna anayekaa na funguo zote, hata mimi. Kwa nini kule mliacha funguo zote kwa mtu mmoja na laini iliyokufa?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kazi ya kufanya, na tuliifanya pale pale, simu ikizunguka mkono kwa mkono. Tuliiondoa 47, tukaweka laini yangu na laini ya mweka hazina, zote zimesajiliwa kwa majina yetu wenyewe. Kwenye barua pepe ya akiba nilimpigia mwalimu kumuuliza kama tumtoe, kwa kuwa si mwanachama tena. Akasema kama hatuna neno, tumwache, yeye hana mpango wa kuihama barua pepe yake. Tulimwacha, tukajua pia kwamba ndiye ufunguo mmoja na lazima tumpigie kabla ya kugeuza chochote. Kisha nikatoa ile karatasi ya namba za akiba, namba kumi ambazo kila moja hutumika mara moja tu hata kama simu zote zimepotea. Nilikuwa nimeichapisha ofisini kwa printa yetu, si steshenari.

Bibi mmoja mwanachama, ambaye hasomi, aliipokea, akaigeuza huku na huku, akauliza ni hati ya nini. Nikamwambia ni ufunguo. Akaikunja mara nne. Wale watatu wakasogea, kila mmoja akafungua kufuli yake, na bibi akainua mafungu ya hisa akaiweka chini kabisa, akasema ikikaa juu, siku ya kuhesabu fedha mtu ataidhani ni karatasi ya kufungia na kuitupa.